HUWA HIYA: Sentensi ya Maneno Mawili, na Faida Yake kwa Kijana wa Sugoi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (SWT) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wake na masahaba zake.

Kabla hatujaingia kwenye mada yetu, hebu tupige hesabu ndogo pamoja. Swala tano za faradhi zina rakaa 17. Katika kila rakaa unasoma Al-Fatiha, na ndani ya Al-Fatiha, aya ya tano, kuna neno moja unalolitamka mara mbili: iyyaka. Kwa hiyo kwa siku moja umelitamka neno hilo mara 34, na hapo bado hatujahesabu sunna. Ukiswali tarawehe rakaa 8, ongeza 16. Ukiswali rakaa 20, ongeza 40. Kwa mwezi mzima ni maelfu.

Sasa swali: iyyaka ni nini? Usikimbilie tafsiri nzima ya aya, hiyo pengine unaijua. Nakuuliza neno lenyewe. Kwa nini ni iyyaka na si anta, hali yote mawili maana yake ni "wewe"?

Kama huna jibu, usione haya. Wengi wetu tumehitimu juzuu kadhaa bila ya kuulizwa swali hili hata siku moja. Lakini jibu lipo, na lina historia ndefu inayopita Basra, Baghdad, Fez, Lamu, na hata huku kwetu Bonde la Ufa. Inshaallah leo tuifuate historia hiyo, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalomhusu kijana wa Sugoi moja kwa moja.

KISWAHILI KILICHUKUA MANENO, KIKAACHA DHAMIRI

Kuna watu husema, "Ah, Kiarabu kwetu ni rahisi, Kiswahili kimejaa Kiarabu." Ni kweli maneno tunayo mengi. Tazama hata maneno ya elimu ya lugha yenyewe. Nahau ni nahw. Irabu ni i'rab. Herufi ni huruf. Habari ni khabar. Jumla, ambayo sisi tunaitumia kwa hesabu na kwa biashara, kwa Waarabu pia ni sentensi. Na dhamiri, ambayo kwetu ni ile nia iliyofichika moyoni, kwa wanachuoni wa nahau ni jina la maneno kama "mimi, wewe, yeye", kwa sababu neno hilo linamficha mtu ndani yake: badala ya kumtaja Yusuf unasema "yeye".

Lakini angalia jambo hili vizuri. Pamoja na karne zote hizo za biashara, ndoa na dini baina ya pwani yetu na Uarabuni, Kiswahili hakikuchukua dhamiri hata moja. Mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao ni maneno ya Kibantu. Tumechukua majina ya vitu, ya sheria, ya ibada na ya siku, lakini mlango wa sentensi tukaubakisha wa kwetu. Ndiyo maana mtoto wetu anaweza kujua mamia ya maneno yenye asili ya Kiarabu na bado asiweze kusema "mimi ni mwanafunzi" kwa Kiarabu. Tena akisikia ana anafikiri ni Kiswahili, kama "ana kitabu", kumbe kwa Kiarabu ana ni "mimi"!

Huku Sugoi, kwa jamaa zetu Wakalenjin, sikio limezoea sauti iliyo karibu zaidi: "mimi" ni ane, na "wewe" ni inye. Kufanana huko ni bahati tu, lugha hizi si za ukoo mmoja. Lakini mwalimu mwerevu anaweza kuitumia bahati hiyo darasani, na mtoto akacheka na asisahau tena.

KINUBI: DHAMIRI ZIPO, NAHAU IMEPUNGUA

Sasa tutazame upande wa pili, na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Baadhi ya Waislamu wa mwanzo kuishi katika sehemu hizi za bara walikuwa Wanubi, askari wa Kisudani na familia zao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda. Wakati huo nchi hii yetu ya Uasin Gishu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902, ilipohamishiwa upande wa Kenya. Kituo cha Eldama Ravine kilikuwa na askari hao, na uasi wao mkubwa wa mwaka 1897 ulianzia huko. Mwaka 1904 wengine walianza kupewa makazi Kibera, Nairobi.

Hawa walikuja na lugha yao, Kinubi, ambayo ilizaliwa kambini kutokana na Kiarabu. Watu wa makabila mbalimbali ya Sudan walihitaji lugha moja, wakakichukua Kiarabu na kukirahisisha. Sikiliza dhamiri za Kinubi: ana ni mimi, ita ni wewe, uwo ni yeye, umon ni wao. Aliyesoma Kiarabu anazitambua mara moja: ana, anta, huwa, hum.

Unaona tofauti? Waswahili walichukua maneno wakaacha dhamiri. Wanubi walichukua dhamiri, lakini walipunguza sheria zake. Kwa Kinubi, uwo ni mwanamume na pia ni mwanamke. Kiarabu cha Qur'ani hakiko hivyo: huwa ni wa kiume, hiya ni wa kike. Hakuna ubaya wowote katika Kinubi, ni lugha kamili ya watu wenye heshima zao. Lakini inatuonyesha jambo la kawaida kabisa: Kiarabu kikiingia kwa watu wapya, kinabadilika. Na hilo hasa ndilo waliloliona Waislamu wa karne ya kwanza, likawatia hofu.

IRABU MOJA KATIKA SURA YA TAWBA

Uislamu ulipoenea Iraq na Uajemi, watu wengi walisilimu ambao hawakuzaliwa na Kiarabu. Walikipenda, walikitumia, na wakakikosea. Wanahistoria wanasimulia kwamba mtu mmoja alisikika akisoma aya ya tatu ya Sura ya Tawba, pale Mwenyezi Mungu anapotangaza kwamba Yeye yu mbali na washirikina, na Mtume Wake vilevile. Neno "Mtume Wake" hapo husomwa rasuluhu, kwa dhamma. Yule mtu akasoma rasulihi, kwa kasra. Basi maana ikageuka, ikawa Mwenyezi Mungu yu mbali na washirikina na yu mbali na Mtume Wake! Audhubillah. Irabu moja tu, ndugu yangu.

Riwaya zinatofautiana kuhusu kisa hiki kilitokea wakati wa nani. Lakini jina linalotajwa sana katika kutafuta dawa yake ni Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 Hijria (688 au 689 Miladia). Yeye alitia vitone vya wino wa rangi katika msahafu: kitone juu ya herufi kwa fatha, chini kwa kasra, na pembeni kwa dhamma. Inasimuliwa pia kwamba Sayyidna Ali (RA) ndiye aliyempa mwongozo wa kwanza, akimgawia maneno kuwa ismu, fi'ili na harfu, na akitaja kwamba katika majina kuna ya dhahiri na kuna ya dhamiri. Yaani kwa mujibu wa riwaya hiyo, dhamiri zilitajwa tangu ukurasa wa kwanza wa elimu hii.

Baadaye akaja Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd lenye asili ya Oman, aliyesomesha Basra na kuanza kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitabul-Ayn. Alama za irabu tunazoziona katika misahafu yetu leo zinanasibishwa naye. Na mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Mwajemi. Huyo ndiye Sibawayhi.

SENTENSI BILA YA "NI"

Kabla ya kisa cha Sibawayhi, chukua kalamu. Bila ya somo hili dogo kisa hakitaeleweka.

Sentensi ya Kiarabu inayoanza na jina au dhamiri ina nguzo mbili. Ya kwanza inaitwa mubtada, yaani kianzio. Ya pili ni khabar, yaani habari yake. Ukisema "Yusuf" nikanyamaza, nangoja habari. Ukisema "Yusuf mgonjwa", basi habari nimeipata.

Ana twalibun. Mimi ni mwanafunzi.
Anta twalibun. Wewe ni mwanafunzi (mvulana).
Anti twalibatun. Wewe ni mwanafunzi (msichana).
Huwa mudarrisun. Yeye ni mwalimu (mwanamume).
Hiya mudarrisatun. Yeye ni mwalimu (mwanamke).
Nahnu muslimuna. Sisi ni Waislamu.

Shika mambo matatu. Kwanza, hakuna "ni". Unaziweka nguzo mbili pamoja na sentensi imesimama, kama sisi tunavyosema mitaani, "Mimi Mkenya." Pili, khabar inafuatana na mubtada wake: wa kiume kwa wa kiume, wa kike kwa wa kike, mmoja kwa mmoja, wengi kwa wengi. Tatu, nguzo zote mbili ziko katika hali inayoitwa raf'u, ambayo alama yake ya kawaida ni dhamma: twalibun, mudarrisun.

Kiarabu pia kina dhamiri za watu wawili, jambo ambalo Kiswahili hakina. Antuma ni "ninyi wawili", huma ni "wao wawili". Fungua Sura ya Ar-Rahman uone neno rabbikuma. Hilo -kuma mwishoni ni "wenu ninyi wawili", na wanaosemeshwa ni makundi mawili, majini na wanadamu. Sura ile inalirudia swali lake mara 31. Kwa Kiswahili tunasema "Mola wenu" tu, na ule uwili unapotea mpaka mfasiri auongeze kwa maneno. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alitufanyia kazi kubwa mwaka 1969 ilipotoka Qurani Takatifu yake, Mungu amrehemu. Lakini tafsiri yoyote haiwezi kubeba kila kilichomo katika asili yake.

NYIGU NA NGE

Sasa tuingie Baghdad. Waziri wa Harun Rashid alikuwa Yahya bin Khalid al-Barmaki. Mbele yake walikutanishwa wanachuoni wawili: Sibawayhi wa Basra, na Al-Kisai wa Kufa, ambaye ni mmoja katika wale maimamu saba wa visomo vya Qur'ani na alikuwa mwalimu wa watoto wa Khalifa.

Sibawayhi mwenyewe hakuanza na nahau. Inasimuliwa kwamba alikuwa mwanafunzi wa hadithi, akasahihishwa na mwalimu wake kwa kosa la irabu, na hapo akaapa kutafuta elimu ambayo hakuna atakayemsahihisha tena ndani yake. Fikiria, kijana wa Kiajemi aliyekosolewa darasani akaja kuandika kitabu kikubwa kuliko vyote katika nahau ya Waarabu. Hata jina hakukipa. Watu wakakiita Al-Kitab tu, yaani "Kitabu", na kila mtu akajua ni kipi.

Al-Kisai akamuuliza swali. Mtu anasema alikuwa akidhani nge anauma zaidi kuliko nyigu, kumbe nyigu ni kama nge tu. Mwisho wa sentensi hiyo useme vipi?

Sibawayhi akajibu: huwa hiya.

Tazama uzuri wake. Nyigu kwa Kiarabu ni wa kiume, kwa hiyo ni huwa. Nge ni wa kike, kwa hiyo ni hiya. Maneno mawili tu, dhamiri mbili, mubtada na khabar, na sentensi imekamilika. Ijaribu kwa Kiswahili: "kumbe yeye ni yeye." Nani ni nani? Hakuna atakayeelewa.

Al-Kisai akasema inafaa pia kusemwa huwa iyyaha. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Iyyaha ni dhamiri ya nasbu, hali ya yule anayetendewa. Lakini khabar hatendewi. Khabar ni nguzo, na haki yake ni raf'u. Mabedui waliokuwa mlangoni wakaitwa watoe hukumu, wakamuunga mkono Al-Kisai. Wapo wanaosema walipewa kitu, na wapo wanaosema waliogopa cheo chake kwa Khalifa. Allah ndiye ajuaye. Sibawayhi akapewa na Yahya dirham 10,000, akaondoka Baghdad akarejea Uajemi, na akafariki akiwa bado hajazeeka, karibu na mwaka 796. Wengi wanasema huzuni ile haikumtoka.

Lakini wanachuoni wa nahau waliokuja baadaye, wengi wao walisimama na Sibawayhi. Ibn Hisham wa Misri, aliyefariki mwaka 1360, aliichambua mas'ala hii katika kitabu chake Mughnil-Labib. Na Qur'ani yenyewe inatoa ushahidi: katika Sura ya Twaha, aya ya 20, fimbo ya Nabii Musa (AS) inapogeuka, linakuja hiya na baada yake neno la "nyoka" likiwa na dhamma.

Sasa rudi kwenye iyyaka yako. Umeshapata ufunguo. Ni ukoo mmoja na lile iyyaha la Al-Kisai. Katika Al-Fatiha mtendaji ni sisi, tunaoabudu na kuomba msaada, na anayeabudiwa na kuombwa ni Yeye. Kwa hiyo anta haiwezi kukaa pale, kwa sababu anta ni ya raf'u. Tena dhamiri hiyo imetangulizwa mbele ya fi'ili, na kutanguliza huko kunaleta maana ya "Wewe peke Yako". Tawhidi yote imo katika neno hilo, na umelitamka leo mara 34.

KIARABU SI CHA PWANI PEKE YAKE

Ndugu msomaji, huku Sugoi Waislamu tu wachache. Mbele ni mashamba ya mahindi, nyuma ni ng'ombe wa maziwa, na ukitaka vitabu vya dini mara nyingi unakwenda Eldoret mjini. Vijana wetu wameingiwa na fikra kwamba kuelewa Kiarabu ni kazi ya watu wa pwani, au ya mwenye jina la ukoo fulani, na sisi wa bara tubakie kusoma kwa kuiga sauti ya ustadh.

Historia inaikataa fikra hiyo. Sibawayhi alikuwa Mwajemi. Ile Ajurrumiyya, kijitabu kidogo ambacho vizazi vya wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja wameanzia nacho nahau, kiliandikwa na Ibn Ajurrum wa Fez, Mberberi aliyefariki mwaka 1323. Yeye ndiye aliyezipanga dhamiri za mubtada zikawa 12, kuanzia ana mpaka hunna, ili mtoto azihifadhi. Watu hawa walijua shida ya mgeni katika lugha, na ndiyo maana walijua kumsaidia mgeni.

Na hapa kwetu Kenya tunao mfano wa Habib Swaleh, Sayyid Saleh bin Alwi Jamalil-Layl, mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu na kuasisi Riyadha. Anakumbukwa kwa kuwasomesha watu ambao wenye vyeo wa mji walikuwa hawawakaribishi katika darsa zao: wageni, maskini, na waliotoka utumwani. Alifariki mwaka 1935, na wanafunzi wa Riyadha walitoka wakasomesha sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kama elimu hii ilifunguliwa kwa mtumwa aliyeachwa huru pale Lamu, nani wa kumfungia mtoto wa mkulima Sugoi?

Basi tufanye nini? Usianze na mlima. Mwezi huu, kila siku wakati mnangoja adhana ya magharibi na uji uko tayari mezani, mzazi amwambie mtoto aunde sentensi tatu tu. Mtoto aelekeze kidole kwa baba: huwa. Kwa mama: hiya. Kwa ndugu zake wawili: huma. Kwake mwenyewe: ana. Mama akisahihishwa na binti yake asikasirike, acheke, ndiyo elimu hiyo. Kila siku chukueni dhamiri moja, na kwa kuwa ni 12, siku ya 12 mtakuwa mmezimaliza. Siku zinazobaki, kila usiku mtafute dhamiri hizo ndani ya sura fupi mnazozisoma. Mtaikuta huwa katika aya ya kwanza ya Al-Ikhlas. Mtaikuta antum katika Al-Kafirun. Mtaikuta hum katika Al-Maun.

Kisha simama kwa swala ya isha na tarawehe, na ukifika kwenye iyyaka, usiipite mbio. Unajua sasa unamwambia Nani.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na atufungulie ufahamu wa Kitabu Chake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.